Majina Wangu

Mtu wa mwisho kufa nyumbani kwenu, nani alikwenda kumwandikisha?

Usijisumbue, jibu nalijua. Mlilia, mlizika, mlipika bugali ya watu wote hadi wale ambao hawakumjua marehemu, na matanga yalipokwisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Karatasi hakuna aliyeiwaza. Huku kwetu, kuanzia Nundu kushuka Baraka hadi kupanda Fizi, mtoto huandikwa siku shule inapodai, ndoa huandikwa siku mwajiri wa bwana anapodai, na kifo hakiandikwi, maana marehemu hana pa kwenda kudai. Ndivyo tunavyodhani.

Arlette hakudhani hivyo. Alikuwa amesoma historia kule Bukavu, na watu waliosoma historia wana ugonjwa wao. Alifundisha katika sekondari moja ya hapa Baraka, na kila likizo alipanda pikipiki kwenda kutafuta watu wake waliokufa. Wengine huchimba dhahabu Lulimba. Yeye alichimba mababu. Upande wa baba yake, marehemu Déogratias, alikuwa ameumaliza. Ubatizo wa babu aliupata parokiani. Ndoa ya babu na bibi aliipata kwa Waprotestanti, kwa sababu bibi alikataa kuhama kanisa na padri alikataa kungoja. Kifo cha Déogratias mwenyewe alikwenda kukiandikisha yeye, akiwa bado ndani ya nguo za matanga. Ukoo wote wa baba ulikuwa umechorwa kwenye karatasi kubwa ukutani sebuleni, kila mtu na tarehe zake.

Upande wa mama ulikuwa mweupe.

Kila alipomuuliza, mama alikuwa na kazi. Alizaliwa Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Hilo alikubali kulisema. Vitabu vya misheni viliungua katika ile vita ya kwanza ya huku kwetu. Watu wake walikwisha. Alivuka ziwa kwenda Kigoma akiwa msichana, akakaa kambini, akarudi, akaolewa na Déogratias. Arlette akitaka zaidi, aliambiwa akapepee moto wa sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Hata jina lake lilikuwa limepotea, na kwa njia ambayo hakuna anayeishangaa. Mwanamke akizaa, jina lake huingia chini ya jina la mtoto na kulala humo. Tangu Arlette azaliwe, mama yake alikuwa Mama Arlette sokoni, Mama Arlette kanisani, Mama Arlette kwa mume wake. Majirani hawakujua lingine. Jina lake lilikuwa Émilienne, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyelitamka kwa sauti katika ua ule.

Kisha Arlette akajifungua msichana. Mume wake, Henri, alikuwa Lulimba, na kwenye simu alisema yeye hana neno, wampe jina wanalotaka. Hapakuwa na la kutaka. Binti wa kwanza huchukua jina la bibi yake. Bibi huringa nalo, hununua kitenge kipya, huwachosha majirani. Mama Arlette alikataa.

"Mwite Florentine," alisema. "Mwite Espérance. Mwite hata Jeudi, si njo siku alizaliwa."

Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza, na hakuna aliyeiona. Arlette alifikiri ni unyenyekevu, na unyenyekevu wa kuigiza ulikuwa unamkera kuliko majivuno. Akamwambia muuguzi aandike Émilienne pale pale maternité, alipojifungulia. Kuanzia siku hiyo jina lile liliitwa uani asubuhi hadi jioni: shangazi wakiita, majirani wakiita, watoto wa jirani wakiliimba mlangoni. Émilienne kaamka. Émilienne kacheka. Mama Arlette, kila likitajwa, aligeuza kichwa upande wa ziwa.

Hapa lazima nieleze neno moja. Kwetu, mtu mnayeitwa naye jina moja humwiti kwa jina hilo, maana ungekuwa unajiita mwenyewe. Unamwita majina. Majina, umeamka? Karibu, majina wangu. Na majina si rafiki tu. Yeye akila, wewe umekula; akivaa, umevaa. Bibi mwenye mjukuu wa jina lake humbeba mgongoni akitamba kwamba amejibeba mwenyewe. Mama Arlette hakumwita mjukuu wake majina hata mara moja. Alimwita mutoto. Mutoto analia. Mufunike mutoto.

Kwa hiyo asubuhi moja, Arlette akiwa anaoga nyuma ya nyumba, aliposikia chumbani sauti ya chini ikibembeleza, "Majina. Majina wangu," alitabasamu na kujimwagia maji taratibu ili asiharibu jambo. Hatimaye mama yake alikuwa amelainika. Alijifunga kitenge akatoka, na akamwona Mama Arlette anaingia getini kutoka ziwani, beseni la ndagala kichwani, akisalimiana na jirani.

Chumbani mtoto alikuwa peke yake. Hakuwa akilia. Alikuwa macho, akitazama mahali fulani juu kidogo ya kitanda, kama mtoto anavyomtazama mtu aliyemwinamia. Nguo zake zilikuwa zimeloa chapachapa. Yalikuwa maji, wala hayakuwa mkojo. Mama yeyote anajua tofauti. Yalikuwa baridi, na yalinuka. Baraka nzima inanuka ziwa, sisi wenyewe tunanuka ziwa hadi kanisani, lakini harufu ile ilikuwa ya chini, ya matope ambayo jua halijawahi kuyaona.

Arlette alimbadilisha mtoto na kujiambia kwamba paa linavuja. Ulikuwa mwezi wa kiangazi.

Siku zilizofuata aliacha kujiambia. Alikuwa jikoni akaita, kwa mazoea tu, Émilienne, mama anakuja, na chumbani mtu akajibu: "Niko." Lilikuwa jibu la kawaida kabisa, la msichana aliyesikia jina lake. Jirani mmoja aliita kutoka barabarani, akajibiwa vile vile, akamwuliza Arlette ni mgeni gani wamempata. Baada ya hapo watoto wa jirani waliacha kuimba mlangoni, bila mtu kuwakataza.

Kisha yakaja mambo ya mikono. Watoto wachanga hushika kidole cha mtu, kila mtu hufurahi. Huyu alishika kama mtu mzima anayening'inia. Alishika ukingo wa beseni wakati wa kuogeshwa, na Arlette akashindwa kuvibandua vile vidole. Alishika ukosi wa blauzi ya mama yake mpaka ukachanika. Mama Arlette akiona hivyo alitoka nje. Na mtoto akaacha kunyonya. Kwenye kituo cha afya walimpima, wakasema homa hana, malaria hana, kifua hakina kitu, lakini uzito ulikuwa unashuka na muuguzi, mwanamke mkavu asiyependa kutisha watu, alimwambia Arlette kwa sauti ya chini kwamba mtoto wa umri ule hana akiba. Asiponyonya, hatangojea likizo ya mama yake imalizike.

Majirani wakamleta Pasteur Bertin.

Pasteur Bertin alikuja mchana, na kipaza sauti, ingawa chumba chenyewe kilikuwa na upana wa vitanda viwili. Alikuwa bingwa wa kutoa majini, na alishikilia kwamba majini yote ya huku yanatoka Kigoma, kama sabuni na sukari. Aliamuru madirisha yafunguliwe ili jini lione njia. Akaomba hadi shati likamgandia mgongoni, kisha akaweka mkono juu ya paji la uso la mtoto na kuuliza swali ambalo wote wa kazi yake huuliza.

"Jina yako nani?"

Mtoto, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametoa hata mlio, alifungua kinywa.

"Émilienne."

Ilikuwa sauti ya msichana ambaye hajawa mwanamke, imekauka, kama ya mtu aliyeita muda mrefu bila kuitikiwa. Wanawake waliokuwa mlangoni walisogea nyuma wote kwa pamoja. Pasteur Bertin, na hili ni la kumsifu, hakusogea. Alicheka kidogo kwenye kipaza sauti akasema jini hili ni la uongo, limeiba jina la mtoto.

"Iko yangu," sauti ilisema. "Banaitumikisha babili. Miye mwenyewe sina hata pahali imeandikwa."

Akauliza nani amelituma.

"Uliza majina wangu."

Pasteur akasikia alichotaka kusikia. Aliambiwa ataje majina, basi akayataja: majini ya ziwani, ya msituni, ya Waarabu, ya njia panda, yote aliyowahi kuyasikia na mengine ambayo nashuku aliyatunga pale pale, moja baada ya jingine, akiliamuru kila moja litoke. Hakuna lililotoka. Kilichotoka ni maji, chini ya kitanda, bila haraka, yakatambaa sakafuni hadi kwenye viatu vyake, viatu vizuri vya Bujumbura. Aliyatazama. Akasema amina katikati ya sentensi, akakumbuka kwamba ana mazishi Nundu.

Lakini mwalimu ni mwalimu. Arlette alikuwa amesikia sarufi kabla ya kusikia hofu. Sauti haikusema majina yangu. Ilisema majina wangu. Ilikuwa inamtaja mtu mmoja, mwenye jina kama lake, na mtu wa jina hilo katika nyumba ile, ukimtoa mtoto, alikuwa mmoja tu. Aligeuka. Kule sebuleni, nyuma ya wanawake wa mlangoni, mama yake alikuwa amejibanza ukutani, chini ya ile karatasi ya ukoo, mikono ameificha kwapani kama mtu anayesikia baridi.

Watu walipoondoka, Arlette alimkalisha jikoni na kumwuliza. Mama Arlette alijibu kwa vipande, akichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Ndiyo, palikuwa na Émilienne mwingine. Binti wa katekista Asende, huko Ubwari. Nyumba zao zilitazamana. Walizaliwa mwaka mmoja, wakabatizwa na padri mmoja ambaye, inaonekana, hakuwa na majina mengi kichwani. Ukiita mmoja walikuja wote wawili. Ukimpa mmoja muhogo waliukata katikati. Halafu vita. Halafu kuvuka.

"Maji ilimubeba," alisema. "Vita ilikuwa vita. Bantu bengi maji ilibabeba."

Akarudia mchele wake, na hakuna kilichoweza kumfungua.

Arlette alikasirika kwa kufichwa. Kisha, Mungu amsamehe, alifurahi kidogo, kwa sababu alikuwa amepata jina la kwanza la upande ule mweupe. Na kama wasomi wote, alielewa upesi sana. Marehemu alisema hana hata mahali ameandikwa. Basi dawa si kipaza sauti, dawa ni cheti. Mtu aliyekufa bila kuandikwa, wakati jina lake linaitwa kila siku kwa watu wengine wawili, atakaaje mahali pake? Alimwomba mama yake waende pamoja ofisi ya état civil, panapoandikishwa vizazi na vifo, wakatangaze kifo. Mama Arlette alisema hawezi kwenda kuongea mambo ya wafu mbele ya watu. Arlette akamwachia mtoto, akaenda mwenyewe.

Karani wa hapo alikuwa Néhémie, kijana makini, mgeni kazini, ambaye alikuwa bado anasoma kila anachokitia sahihi. Alimweleza Arlette kwamba kifo cha zamani namna ile kitapita baadaye mahakamani, hilo halina njia ya mkato, lakini tangazo linaanzia pale mezani, na haliwezi kuanza bila mtu aliyeona. Kusikia hakutoshi. Hata kusikia kwa mama.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha chai, na ndani yake, kama kila siku, palikuwa na Wilfried. Wilfried alikuwa shahidi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, ukipenda kuiita kazi. Alishuhudia harusi za watu asiowajua, na kuzaliwa kwa watu waliomzidi umri. Ulimpa chai na mandazi, ukamweleza alichokiona, akavuka barabara. Arlette, ambaye darasani aliwaambia wanafunzi kwamba chanzo cha uongo huzaa historia ya uongo, alimlipia chai.

"Niliona na haya macho," Wilfried alimwambia Néhémie, mkono kifuani. "Maji ilimumeza. Aksida."

Néhémie alimtazama, akaandika: ajali.

Walirudi kibandani ili Wilfried amalizie mandazi yake, na kilichotokea hapo mwenye kibanda bado anakisimulia, na kila akikisimulia anakiosha tena kikombe kile: Wilfried aliinua chai, akameza, akakunja uso kama mtu aliyeungua, na mara maji yakaanza kumtoka puani na mdomoni, wala si chai, maji meupe, baridi, mengi kuliko tumbo la mtu linavyoweza kubeba, yakajaa mezani, yakamwagika chini na mchanga ndani yake na ndagala wadogo walio hai wakirukaruka kati ya vikombe, naye ameshika ukingo wa meza kwa vidole vyake vyote, macho yamemtoka, mpaka hatimaye pumzi ikapata njia, na alipoipata hakuitumia kuomba msaada, alitazama nyuma ya bega la Arlette mahali ambapo hapakuwa na mtu, na akasema kwa sauti ya msichana:

"Haikuwa aksida."

Arlette alikimbia. Hakungoja pikipiki. Alikimbia na viatu mkononi, akipita katikati ya wauza nyanya, na tangu getini alisikia ukimya wa nyumba, ule ukimya wa nyumba yenye mtoto mchanga ambao si wa usingizi, na akausukuma mlango, na mwanga wa mchana ukaingia pamoja naye ukamwonyesha mama yake ameketi kwenye mkeka, mtoto mapajani, midomo ya mtoto imekuwa ya rangi ya majivu, ngumi zake zote mbili zimeshika pindo la kitenge cha bibi yake, vile vidole vidogo vimekuwa vyeupe kwa kushika, na juu ya vidole hivyo mkono wa Mama Arlette umeinuliwa, umeshika mwiko, umesimama hewani kama mkono unaojua kazi hiyo na unaongoja tu kuruhusiwa, huku uso wa mwenye mkono ukilia na kuutazama kana kwamba si wake.

Na kinywani mwa mtoto, taratibu, bila hasira hata kidogo, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko hasira:

"Niko, majina. Piga tena."

Mwiko ukaanguka. Arlette alimtazama mama yake, akatazama mwiko, akatazama vidole, na kila alichokuwa amejifunza kuhusu vyanzo na ushahidi kilikuwa pale kwenye mkeka, hakikuhitaji kusomwa. Mama Arlette alijaribu kusimama, akashindwa, akajaribu tena.

"Twende ku bureau," alisema. "Umubebe pamoja na miye. Hataachilia."

Walikwenda hivyo, bega kwa bega, Arlette amembeba mtoto na mtoto ameshika kitenge cha bibi yake, kama watu watatu waliofungwa kamba moja. Ofisini palikuwa na foleni: wamama na vichanga vyao, wachumba wawili na nguo zao za heshima, mzee aliyekuja kubishana kuhusu mwaka wake wa kuzaliwa. Jua lilikuwa limekaa juu ya mabati. Watu waliona uso wa mtoto wakawapisha, na wakanyanyua miguu, kwa sababu mahali walipopita wale watatu sakafu ilikuwa inaloa.

Néhémie alivuta karatasi nyingine. Kwa mazoea ya kazi, bila kuinua macho, aliuliza:

"Majina?"

Na mlangoni, nyuma ya foleni, mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyesimama, sauti ya msichana ikasema vile vile, lakini haikuwa inauliza:

"Majina."

Foleni nzima iligeuka. Mama Arlette hakugeuka. Alikuwa mtu pekee mle ndani ambaye hakuhitaji kuangalia nani ameitwa.

"Ya marehemu," Néhémie alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Émilienne Asende."

"Mutoto wa nani?"

"Wa katekista Asende na Mama Nabindu. Ubwari."

"Alikufia wapi?"

"Ku ziwa. Hatukuwa hata mbali. Ufuko ulikuwa unaonekana."

"Na weye, Mama, ni nani wake?"

"Miye ni majina wake."

Néhémie aliandika yote. Kisha akafika mahali ambapo asubuhi ile ile alikuwa ameandika neno la Wilfried.

"Sababu ya kifo?"

Mtoto alivuta pumzi iliyokwaruza, na ikakaa, haikutoka.

"Andika maji," Mama Arlette alisema.

Karani aliandika maji. Wino ulikaa kwenye karatasi kwa muda, halafu ukalegea, ukatandaa, ukawa wa rangi ya ziwa asubuhi, ukapotea, na nafasi ikabaki tupu kama haijaguswa. Akaandika tena, akikandamiza kalamu. Neno likayeyuka tena, na safari hii maji yalichuruzika kutoka kwenye karatasi yenyewe, yakashuka mguu wa meza. Ndani ya ofisi ile yenye joto la kuchoma watu walianza kuona pumzi zao. Midomo ya mtoto ilikuwa nyeusi sasa. Arlette aliita mara moja tu, si kwa nguvu: "Mama."

Mama Arlette akaanza kuongea, akiangalia meza, kwa sauti ya mtu anayejisemea. Alisema bwato, mtumbwi wa kuvukia, ilibaki na nafasi moja. Katekista ndiye aliyeiomba, ya mtoto wake, na mwenye bwato alikuwa ndugu yake. Majina wake alikuwa amerudi njiani. Alirudi kuchukua mzigo, na mzigo haukuwa wake, ulikuwa wa huyu anayesimulia sasa, aliyeuangusha kwa woga akashindwa kuufuata. Majina akasema wewe kaa hapa, nitakuletea. Mwenye bwato akaita gizani, Émilienne. Akaita mara ya pili. Na huyu akajibu, Niko.

Bwato ilikuwa imeshasukumwa wakati mwenzake anatoka mafunjoni na mzigo kichwani. Aliutupa akaogelea. Alijua kuogelea kuliko wavulana wote wa Ubwari. Aliifikia bwato, akashika ukingo, akacheka, alidhani wamesahau tu. Akasema, majina, nivute. Mwenye bwato, gizani, alisema kuna Émilienne mmoja aliyeombewa nafasi na hatabeba wawili, wajue wenyewe nani atashuka. Miguuni pa Mama Arlette palikuwa na kopo la kutolea maji ya bwato.

Maneno yaliyofuata aliyasema kwa chini sana, na hapo hapo mtoto akalia. Alilia kwa sauti yake mwenyewe, kilio cha kawaida cha mtoto mwenye njaa, kikali, cha kukera, kikajaza ofisi nzima na kufunika kila kitu. Arlette alikuwa ameanza kutoa titi mbele ya watu wote, machozi yanamtiririka, na ngumi moja ya mtoto ilikuwa imefunguka juu ya kifua chake. Nyingine bado ilikuwa imeshika kitenge.

"Mama, sijasikia," Néhémie alisema. Kalamu ilikuwa hewani. "Rudia, nisikie."

Mama Arlette alinyanyua uso. Aliwatazama wamama, wachumba, mzee, kisha akautazama mlango, mahali palipoloa, na akasema kwa sauti ya kutosha kufika kibandani ng'ambo ya barabara:

"Nilimupiga vidole na lile kopo, na yeye anaendelea kuniita majina, nikapiga mpaka akaachilia. Toa maji kwenye karatasi, mwanangu. Andika miye."